Kiuno Ishirini na Nane

Nilimpima Jumapili, amesimama mlangoni,
mkate mdomoni, ananihimiza.
Kiuno ishirini na nane. Tangu kidato cha pili
ishirini na nane, kana kwamba ugali wangu wote
ulipitiliza kwenda miguuni.
Nikamkatia suruali ya kijivu, ya mitihani,
nikatia lastiki, sikuweka vitanzi vya mkanda.
"Mama, mikanda ni ya wenye matumbo."

Alhamisi usiku walimchukua chumbani kwake, kule Soweto,
yeye na daftari la majina
ya wenzake ambao hawajapata bumu.
Jumamosi nikapeleka uji kituoni.
Askari wa kaunta aliupokea, akauweka chini ya meza,
hakunitazama.
Baadaye ndipo nilipojua
nilikuwa nimemkorogea maiti.

Kitabu chao kinasema: Kundaeli amejinyonga kwa mkanda wake.

Mkanda upi?
Sikumwekea mwanangu kitanzi hata kimoja.

Mimi ni fundi cherehani wa Kiboriloni,
baraza ya tatu kutoka duka la mbolea.
Sheria siijui. Najua kitambaa kinapodanganya:
nje kinang'aa, ukikipindua nyuzi zinaning'inia.
Nikaipindua ile sentensi.

Wakasema, mzike. Nikasema, bado.
Siku kumi na tisa mochwari ilimweka,
risiti zote ninazo.
Daktari wa kwanza aliandika mistari miwili.
Wa pili tulimchangia nauli, wanafunzi wakipitisha kofia
darasa hadi darasa, mia mbili, mia mbili.
Huyo aliandika kurasa sita.
Alipofika kwenye mbavu aliniomba nitoke nje.
Sikutoka.

Kisha akaja shemeji Aminieli, mbele ya watu,
na jani la isale.
"Wakubwa wanaomba yaishe."
Kwetu isale halikataliwi.
Baba yangu alisamehe shamba kwa jani kama lile.
Lakini isale hulileta aliyekosa, kwa mkono wake,
na kinywa chake kikilitaja kosa.
Hili lilikuja kwa gari la serikali,
limeviringishwa gazeti, halina mwenyewe.
Nikalipokea, lina mzizi kidogo.
Nenda kawaambie, nilisema,
nimepokea mmea.

Mahakamani wakili Mwanahija aliomba kielelezo.
Wakautoa mkanda kwenye bahasha ya kaki:
mweusi, mpana, bizimu ya shaba,
tundu moja limechakaa kwa kutumika.
Nikavua futi shingoni. Wakili wa Serikali akasimama kupinga,
hakimu akamkalisha.
Niliupima kutoka bizimu hadi tundu lile,
polepole, kama ninavyompima mteja asiyelipa.
Inchi arobaini.
Nikaitandika suruali mezani,
nikaivuta lastiki, nikaiachia.
Ikarudi. Ishirini na nane.

Benchi la nyuma mtu mmoja alilivuta shati lake,
akafunika kiuno.

Tangu hapo shauri limeahirishwa mara saba.
Hakimu kahamishwa. Faili lilipotea,
likapatikana Arusha, limekonda.
Na kila tarehe wanafunzi wanakuja,
hata wa mwaka wa kwanza ambao hawakumjua.
Huvua mikanda yao getini,
hukaa kimya, mkono mmoja umeshika suruali.
Sikuwafundisha mimi.

Nimemzika kihambani, katikati ya migomba.
Lile isale sikulipanda kaburini.
Nimelipanda mpakani, pale njia inapoingilia.
Limeshika, lina majani matano sasa.
Anayetaka yaishe aanzie hapo, kwa miguu,
aseme yeye ni nani na alifanya nini.

Tarehe nyingine ni tisa, mwezi ujao.
Gauni nimeshalipiga pasi.
Futi iko mfukoni.